Vita Visomwe kwa Raha? Mjadala wa Chini ya Mlima Meru

Arusha imezoea kuitwa mji wa amani. Mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini hapa Agosti 1993, wa Burundi Agosti 2000, na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilisikiliza kesi zake hapa mpaka ilipofunga shughuli mwishoni mwa 2015. Lakini mji wenyewe ulianza na jeshi. Lile boma ambalo leo ni makumbusho lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, baada ya miaka kadhaa ya kuwapiga Wameru na Waarusha, na waliolazimishwa kulijenga ni haohao waliopigwa. Kwa hiyo hapa kwetu si swali dogo kuuliza kama ni sawa mtu kujifungia Jumapili nzima na kitabu cha vita, akafungua ukurasa baada ya ukurasa kwa hamu, akanogewa.

Sauti tatu zilizomo humu nimezitunga mimi, ila hoja zao nimezisikia zikirushwa mara nyingi, kuanzia Sakina hadi Usa River. Mwalimu ni mama aliyefundisha historia hadi kustaafu. Wakili ni mtoto wa kaka yake. Mstaafu alikuwa askari wa JWTZ na alipigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Nami nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

WAKILI: Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Mzee.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Nianze mimi, kwa kuwa anayesemwa ni mimi. Nasoma habari za vita kwa sababu zinaninogea. Sisomi kwa ajili ya mtihani wala semina. Darasani nimeona watoto wakikariri sababu za Vita Kuu ya Kwanza na matokeo yake, wakafaulu, na Krismasi ikifika wameshasahau. Hakuna aliyewaambia kwamba vita hivyo vilipiganwa Longido, palepale magari ya Namanga yanapopita kila siku. Hata mimi sikuambiwa. Nilikuja kukutana na jambo hilo kwenye kitabu nilichokuwa najisomea tu.

Ngoja niwasimulie. Novemba 1914 Waingereza wanataka kuingia nchi hii, iliyokuwa ya Wajerumani, kwa milango miwili: Tanga kwa njia ya bahari, na Longido kwa nchi kavu. Brigedia Stewart anatoka Namanga usiku akiwa na watu kama 1,500: Wapunjabi kutoka India, walowezi wa Kenya waliopanda farasi, na mizinga midogo ya milimani. Wanakata nyika gizani, nyika isiyo na tone la maji. Asubuhi ya tarehe 3 ukungu umeufunika mlima. Huko juu yuko Meja Kraut na Wajerumani wachache pamoja na askari wao Waafrika, wote hawafiki nusu ya wanaokuja. Wanapigana kutwa. Halafu linatokea jambo ambalo mtu wa Longido atalielewa kuliko profesa yeyote: baghala waliobebeshwa maji ya kikosi wanashtushwa na risasi, wanatimua mbio na maji yote. Fikiria jua la Novemba pale Longido, na watu 1,500 hawana cha kunywa. Giza lilipoingia Stewart akageuza njia kurudi Namanga. Na kabla ya mwezi kwisha Wajerumani nao wakauacha ule mlima wenyewe, bila kupigwa.

Sasa nenda Aprili 1916. Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza ameshaingia Moshi, na Arusha imeshachukuliwa. Van Deventer anatoka Arusha na wapanda farasi wake kuelekea Kondoa. Njiani Wajerumani wamejichimbia juu ya mlima Lolkisale, na maji ya eneo lile yako hukohuko juu kwao. Safari hii wenye kiu ndio wanaozingira. Farasi wao wana kiu, wao wenyewe wana kiu, na hawaondoki, mpaka tarehe 6 kikosi cha juu kinasalimu amri, askari zaidi ya 400. Tangu nisome hayo, nikiwa kwenye basi kuelekea Makuyuni huwa nautafuta mlima ule kwa macho. Zamani nilikuwa nalala.

WAKILI: Umesimulia vizuri, Shangazi, na hapo ndipo panaponiuma. Umetaja Stewart, Kraut, Smuts, van Deventer. Wazungu wanne wenye majina. Hata baghala umewapa nafasi yao. Mpagazi yuko wapi? Leo mpagazi wa Kilimanjaro mzigo wake unapimwa getini usizidi kilo 20. Mpagazi wa 1916 alitwishwa zaidi ya hapo, akatembezwa kutoka huku kwetu hadi Rufiji na kusini kabisa, kwa posho ya unga ambao mara nyingi haukuiva. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia. Hawakufa kwa ujanja wa jenerali yeyote.

Na angalia nani aliandika. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi Berlin 1919 akapokewa kwa gwaride, na mwaka uliofuata akatoa kumbukumbu zake. Tangu hapo vitabu vinavyouzika vinamsifu kama mtu aliyewachezea Waingereza miaka minne mizima bila kushindwa. Majeshi yale yote, lake na la Waingereza, yalikula vya watu. Yalipita Ugogo yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wenye nguvu, na nyuma yao ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mtu anayesoma kwa raha anafuata mishale kwenye ramani. Mtunya hauna mshale.

MWALIMU: Hayo uliyoyasema umeyatoa wapi?

WAKILI: Nimesoma.

MWALIMU: Kwa kulazimishwa?

WAKILI: Hapana. Likizo moja nilishika kitabu cha Edward Paice, kile kiitwacho Tip and Run, cha 2007. Nilikianza kwa sababu ya mapigano. Sikukiweka chini.

MWALIMU: Basi ni hamu iliyokufikisha kwa wapagazi. Kitabu kikubwa namna ile hakuna anayekimaliza kwa wajibu tu. Nakubali kwamba wasomaji wengi wanaishia kwenye mishale. Lakini asiyeonja hata hiyo mishale hafiki popote.

MSTAAFU: Mnaniruhusu? Nyie mnazungumza vita vya watu waliokwishakufa. Mimi vyangu nilivipigana. Na niseme ukweli, vitabu vya vita vyangu sivisomi kwa furaha. Ninacho Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kilitoka 1980, vita vikiwa bado vya moto. Najua na utenzi wa Henry Muhanika wa 1981. Ni kazi nzuri, watu wale walifanya haraka kuandika kabla hatujasahau. Lakini kitabu kinakwenda mbio kuliko mguu wa askari. Kinakwambia: Januari 1979 majeshi yetu yalichukua Mutukula, mwishoni mwa Februari yakachukua Masaka. Sentensi moja. Katikati ya hizo tarehe mbili kuna mwezi mzima, na mwezi huo ni matope, ni kusubiri, ni buti iliyooza mguuni, ni kulala umekumbatia bunduki kwa sababu hakuna mahali pakavu pa kuiweka. Sisi Kampala tulikwenda kwa miguu, tukaingia Aprili 11.

Sasa nikuambie kitu, Mwalimu. Siku moja nilisoma habari za wazee wetu wa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopelekwa Burma. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za kule, wakiwasukuma Wajapani, magari yamezama, ugonjwa umejaa. Nikakuta humo matope yangu mwenyewe. Nilisoma usiku kucha. Mke wangu akaniuliza, wewe si ulisema hutaki kusikia habari za vita? Nilikosa la kumjibu. Ila asubuhi ile nilijisikia mwepesi. Kama hiyo ndiyo raha mnayobishania, mimi naijua.

WAKILI: Mzee, hiyo naiheshimu. Wewe umeilipia. Mimi nina wasiwasi na sisi ambao hatujalipa chochote. Nimesoma hukumu ya Akayesu, iliyotolewa hapahapa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mashahidi wanaitwa kwa herufi kulinda maisha yao. Kuna mama anaitwa JJ. Aliyoyaeleza kuhusu ofisi za utawala za Taba, Rwanda, na kilichofanywa kwa wanawake pale, ndiyo yaliyosaidia majaji kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Nilisoma hadi mwisho kwa sababu ilinibidi. Mtu akiniambia amesoma ushahidi ule kwa starehe, sitakaa naye meza moja.

MWALIMU: Wala mimi sitakaa naye.

WAKILI: Basi niambie mpaka uko wapi. Miaka mingapi ipite ndipo vita viwe burudani? Thelathini? Mia? Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, pale Old Moshi, na pamoja naye viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Mafuvu ya watu wa kwetu yakasafirishwa hadi Berlin. Septemba 2023 ndipo makumbusho ya kule yalipotangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo, hapa Tanzania. Zaidi ya miaka 120, na watu bado wana matanga. Sasa hiyo 1900 ni ya zamani kwa nani?

Hapa naomba niingie. Swali la Wakili ndilo gumu kuliko yote yaliyosemwa, na sioni kama linajibika kwa hesabu ya miaka. Nadhani linajibika kwa kuangalia msomaji anafanya nini na raha yake. Yupo anayesoma ili ajione jenerali. Huyo akifunga kitabu hakumbuki ila nani alishinda. Yupo anayesoma akabaki na swali, akaenda kumuuliza mzee wa jirani, akatafuta kitabu cha pili kinachopingana na cha kwanza. Wote wawili walinogewa. Huyu wa pili ndiye ninayemtetea, na ninamtetea kwa nguvu, kwa sababu Arusha naona wa kwanza wengi na wa pili wachache, na sababu yake kubwa ni vitabu vyenyewe. Turudi kwa Mwalimu.

MWALIMU: Umenigusa kwa Meli. Nami nitakujibu kwa Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ovir na Segebrock, walipiga hema Akeri, hapo juu ya Usa River. Usiku morani wa Meru na Arusha wakawavamia wakawaua, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Johannes akaja na askari wake na wapiganaji wa Kichaga, akachoma nyumba, akaswaga ng'ombe, na mwaka uliofuata akarudia. Boma ni matokeo ya hayo.

Sasa, maandishi ya usiku ule yanatoka upande mmoja. Wamisionari waliandika barua na shajara. Johannes aliandika ripoti. Morani hawakuandika. Tulichonacho kwao ni vipande vya masimulizi ya wazee, na kila ukoo una chake. Mwanahistoria mwaminifu akifika hapo anasimama. Hana ruhusa ya kuingia kichwani mwa kijana wa miaka 20 anayeteremka Akeri usiku na mkuki. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa hiyo. Anaweza kutuambia kijana yule aliogopa nini, nani alimchochea, alirudi nyumbani akamwambia nini mama yake, na alifikiri nini alipoona moshi wa boma la baba yake. Na anaweza kumpa sauti yule Mchaga aliyekuja kubeba mizigo ya wamisionari akafia ugenini.

WAKILI: Anaweza pia kutudanganya.

MWALIMU: Anaweza. Ndiyo maana namtaka aliyesoma kwanza. Tazama Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake Afterlives, ya 2020, yumo Ilyas, aliyejiunga na jeshi la Wajerumani akapotea, na dada yake anaishi miaka yote hajui aliko. Jambo hilo halikutoka hewani. Alikuwepo Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia jeshi la Wajerumani angali mtoto, akaenda Berlin 1929, akafa 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Nyaraka zinatupa huyo Husen na tarehe zake. Riwaya inatupa dada anayesubiri barua. Ukisoma vyote viwili, huwezi tena kuuona mwaka 1914 kama ramani ya mishale. Na Ebrahim Hussein alishafanya hivyo jukwaani tangu 1969, alipomchukua Kinjeketile wa Maji Maji akamfanya mtu mwenye mashaka, anayeogopa neno lake mwenyewe lilikofika.

MSTAAFU: Hapo nakubaliana na Mwalimu. Tulipokuwa Lukaya, Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitushukia na brigedi ya mbele ikarudi nyuma kwa vurugu, mpaka kesho yake mambo yalipogeuka. Ripoti zinaandika ni brigedi gani ilirudi na ipi iliyokuja kuokoa. Sawa. Lakini kijana aliyekimbia usiku ule, akarudi kwa aibu alfajiri, akapigana vizuri kuliko wote, huyo hataandikwa kwenye ripoti. Mimi nataka kumsoma huyo, kwa Kiswahili. Riwaya ya Kagera iliyonishika hivyo bado sijaipata.

WAKILI: Nakupa nusu, Shangazi. Riwaya ya aliyesoma, na msomaji anayeuliza. Ila bado ushahidi wa JJ sitausoma kwa raha.

MWALIMU: Na mimi sitakuomba. Kuna kurasa ambazo mtu anasoma akiwa amesimama. Lakini usiniambie kwamba kwa sababu ya kurasa hizo nifunge na nyingine zote.

Kwangu Mwalimu ndiye aliyeshinda, kwa sharti la Wakili: msomaji asifunge kitabu kabla hajajua waliobeba mizigo ni akina nani. Lakini sharti hilo tunawatwisha wasomaji huku tumewanyima vitabu. Vita vya huku kwetu vimewapa wenzetu riwaya tele. C. S. Forester aliandika The African Queen 1935 na ikawa filamu. William Boyd aliandika An Ice-Cream War 1982, na vita vyake vinaanzia mpakani, kati ya Taveta na Moshi. Msomaji wa Kiingereza ana rafu nzima ya kuchagua. Paradise ya Gurnah, iliyotoka 1994, imesubiri hadi 2022 kusomwa kwa Kiswahili kama Peponi, kwa kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis, na mwaka mmoja kabla yake mwandishi alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel. Ingekuwa si tuzo, nani ajuaye tungesubiri mpaka lini. Sioni fahari katika hilo. Lugha yetu ilikuwa na tenzi za vita tangu Utenzi wa Tambuka wa 1728. Hemedi bin Abdallah alitunga kuhusu Wajerumani kuitwaa Mrima, na Shaaban Robert akatunga kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Watu walikaa kitako wakazisikiliza tenzi hizo wakifurahi, wakilia. Raha ya vita vilivyosimuliwa vizuri si mazoea ya kuazima. Tulikuwa nayo, tukaiacha kwenye mtaala wa shule.

Na malighafi imelala hapa miguuni. Nendeni Tengeru. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 walianza kufika hapa, hatimaye wakawa kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Walikuwa wametolewa makwao na Wasovieti, wakapelekwa Siberia, wakaachiwa, wakapitia Iran, mpaka wakajikuta wanalima mboga chini ya Meru. Wakati huohuo vijana wa mlima huu walikuwa ndani ya Keya, wakielekea Burma kupigana vita vilevile vilivyowafukuza wale mama Poland. Novemba 1951, miaka michache baada ya vita, serikali ya kikoloni ikawaondoa Wameru kama 3,000 Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika kwa niaba ya watu wake. Mkimbizi wa Kipolandi anayepewa nyumba Tengeru. Mwanajeshi wa Meru anayerudi toka Asia. Mama anayetazama nyumba yake ikiungua Engare Nanyuki. Wote watatu ndani ya miaka 10, na ndani ya mwendo wa kutembea wa siku moja au mbili. Mimi ningenunua kitabu hicho hata kama ningelazimika kukopa.

Waandishi wa Arusha, msingoje wa nje waje kuandika. Walioingia Kagera wakiwa na miaka 20 sasa wanakaribia 70. Wapo Monduli, wapo Kijenge, wapo Usa River, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Wafuateni mwaka huu.